Keren-hapuki, binti wa tatu wa Ayubu: jina hili limetoka wapi na lina maana gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tumejaliwa mtoto wa kike, na baba mkwe ameomba apewe jina la marehemu mama yake. Sisi tulimjua kwa jina la Bibi Kereni, kumbe kwenye cheti chake cha ubatizo ameandikwa Keren-hapuki. Nilipouliza kanisani niliambiwa maana yake ni wanja, na kwamba wanja ni mambo ya Yezebeli, hivyo nitafute jina jingine. Jirani yangu Mwislamu naye anasema jina lenyewe halijui ila hilo "karn" la mwanzo ni Kiarabu. Je, ni jina la lugha gani, maana yake hasa ni nini, na lina ubaya wowote? Na tukimwandika Karen si litakuwa lilelile? — *Mama mzazi, Dodoma*

Jibu: Marahaba mama, na hongera kwa mtoto.

Nianze na lililokuleta. Waliokujibu kanisani hawakukudanganya kuhusu wanja. Wanja umo kweli ndani ya jina. Ila kutoka hapo hadi kwa Yezebeli ni safari waliyoiongeza wenyewe, na jina halikuwatuma. Jirani yako naye yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhani.

Katika Biblia nzima jina hili limetajwa mara moja tu, Ayubu 42:14. Ayubu amepoteza mifugo, watoto na afya; amebishana na rafiki zake hadi wote wamechoka; mwishoni Mungu anamrudishia. Anapata wana saba na binti watatu. Wa kwanza anaitwa Yemima, wa pili Kezia, wa tatu Keren-hapuki.

Kwa Kiebrania ni maneno mawili yaliyounganishwa kwa kiungo: *qeren*, pembe; *ha*, ambayo ni alama ya kukitaja kitu kinachojulikana, kama *al* ya Kiarabu; na *pukh*, wanja. Hiyo *kh* ya mwisho isome kama anavyoisoma mtu wa pwani katika Khamisi. Jumla yake: pembe ya wanja.

Tukae kwanza kwenye pembe, kwa sababu hapo ndipo jirani yako alipogusa. Kiebrania, Kiarabu, Kiaramu, Kigeezi cha Ethiopia na Kiakadi cha Babeli ya kale ni lugha za ukoo mmoja, zile tunazoziita za Kisemiti, na zote zinaiita pembe kwa jina moja lililobadilika kidogo tu: *qeren* kwa Waebrania, *qarn* kwa Waarabu na Wahabeshi wa kale, *qarnu* kwa Wababeli. Dhul-Qarnayn anayetajwa katika sura ya Al-Kahf ni "mwenye pembe mbili". Nasi Waswahili tunalo: neno letu karne limetoka kwenye *qarn* hiyohiyo ya Kiarabu, ambayo mbali na pembe ina maana pia ya kizazi na muda wa miaka mia. Kwa hiyo kusema ni Kiarabu si sahihi, lakini sikio la jirani yako halikukosea ukoo.

Pembe katika lugha hizi si ile ya kuchomea mtu tu. Ni nguvu, ni utukufu, na hata ni mwale wa mwanga. Katika Kutoka 34, Musa aliposhuka mlima Sinai uso wake uling'aa, na kitenzi kilichotumika hapo, *qaran*, kimetoka kwenye pembe. Yeronimo alipoitafsiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 aliandika kwamba uso ulikuwa na pembe. Ndiyo maana ukienda kanisa la San Pietro in Vincoli kule Roma utaikuta sanamu ya Musa iliyochongwa na Michelangelo ina vipembe viwili kichwani, na watalii hawaishi kuuliza vinafanya nini pale. Waisraeli wa leo wanawaita binti zao Keren kwa kufikiria huo mwale.

Lakini kwa bibi mkwe wako maana iliyo karibu zaidi ni ya kawaida kabisa: pembe kama chombo. Kabla ya chupa kuwa nyingi, pembe ya ng'ombe au ya kondoo iliyotobolewa ndani ilitumika kuwekea vitu vya thamani. Samweli alipotumwa Bethlehemu kumtia Daudi mafuta aliambiwa aijaze pembe yake mafuta, 1 Samweli 16. Basi *qeren ha-pukh* ni kile kichombo anachokaa nacho mwanamke pembeni ya kioo, chenye wanja ndani. Ungekuwa pwani ungesema kichupa cha wanja, na kijiti chake.

Na wanja wenyewe ni upi? Ule wa kizamani, ambao Waswahili waliuita wanja wa manga kwa kuwa ulitoka Uarabuni, ni jiwe jeusi zito linalometameta likivunjwa. Linasagwa mpaka liwe laini kiasi kwamba ukilipitisha kati ya vidole husikii punje. Wagiriki na Warumi waliliita *stibi* na *stibium*, na ndilo jina ambalo wanakemia bado wanalo kwa madini ya antimoni. Jambo la kushangaza ni kwamba wanja uliokutwa ndani ya vyombo vya makaburi ya Misri ya kale, ulipopimwa maabara, mwingi ulikuwa madini ya risasi na si antimoni. Mawe hayo mawili yanafanana sana kwa macho. Kwa hiyo, mama, mpe mtoto jina la wanja ukitaka, lakini usimpake wanja wa unga usiojua umetengenezwa na nini. Risasi haimfai mtoto mchanga hata kidogo.

Sasa Yezebeli. Neno *pukh* linatokea mahali pachache. Katika 2 Wafalme 9:30 Yezebeli, mke wa mfalme Ahabu, anasikia Yehu, jemadari aliyeasi, amefika Yezreeli, anapaka macho wanja, anapamba kichwa, anachungulia dirishani. Yeremia 4:30 anausema mji uliojipamba ukajipaka macho, na wapenzi wake bado wakautafuta roho. Hapo ndipo palipowapa wahubiri hoja yao, na ni hoja ya kweli kwa kiasi chake. Hata hivyo hebu zitazame sehemu mbili zilizobaki. Katika 1 Mambo ya Nyakati 29:2 Daudi anaorodhesha vitu alivyoviweka tayari kwa ajili ya hekalu, na kati ya dhahabu, fedha, shaba na vito yamo mawe ya *pukh*. Na katika Isaya 54:11, anayesema ni Mungu mwenyewe, akiufariji mji ulioteswa: nitayapanga mawe yako ndani ya *pukh*. Tafsiri nyingi hazitamki wanja katika aya hizi mbili, zinasema rangi au vito, kwa hiyo msomaji wa kawaida hana namna ya kujua kwamba neno ni lilelile. Ikiwa *pukh* ilifaa kuwekwa hekaluni na kupamba mji wa Mungu, basi kumtazama mtoto kwa jicho la Yezebeli ni kumwonea.

Tena hata huyo Yezebeli, sidhani kama wanja ndio uliomponza. Alishtakiwa kwa damu ya Nabothi na ya manabii. Wanja aliupaka siku ya kufa kwake, na mimi naona alikuwa malkia aliyekataa kukutwa ovyo na mtu aliyekuja kumuua. Lakini hilo ni langu, usilipeleke kwa mchungaji.

Jina hili huwezi kulielewa vizuri ukilitenga na dada zake. Yemima wengi hulihusisha na njiwa. Kwa Kiebrania cha kawaida njiwa ni *yona*, jina la yule nabii wa samaki, ila kwa Kiarabu kuna *yamama*, aina ya njiwa wa porini. Kezia ni gome lenye harufu nzuri, jamaa wa karibu wa mdalasini, na limetokana na kitenzi cha kubandua au kukwangua, maana gome hilo hubanduliwa mtini. (Wako wanaodhani ile "-ia" ya mwisho ni "Ya", kifupi cha jina la Mungu, kama kwenye Isaya na Yeremia. Sivyo. Ni alama ya jinsia ya kike tu.) Yaani ni njiwa, mdalasini na wanja. Hakuna hata jina moja lenye jina la Mungu ndani yake, na hili si la kawaida katika kitabu kilichojaa kina Danieli, Yoeli na Obadia.

Ndiyo maana mimi nayapenda majina haya matatu. Huyu ni mtu aliyekaa majivuni akijikuna kwa kigae. Alipopata watoto tena hakuwaita Machozi wala Majaribu, kama tunavyowafanyia wengi wa kwetu waliozaliwa baada ya msiba. Akina Mateso na Tabu mnawajua. Aliwapa majina ya vitu ambavyo nyumba inaweza kuishi bila kuwa navyo: ndege mzuri, harufu nzuri, macho mazuri. Na mwandishi anaongeza kwamba katika nchi ile yote hawakuonekana wanawake wazuri kama binti za Ayubu, kisha anasema baba yao aliwapa urithi pamoja na kaka zao.

Hilo la urithi usilipite haraka. Katika sheria ya Musa, Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walirithi kwa sababu baba yao hakuwa na mtoto wa kiume. Binti za Ayubu walikuwa na kaka saba, na bado wakapewa. Kaka hao saba hawatajwi majina. Mke wa Ayubu hatajwi jina. Watoto kumi wa mwanzo waliokufa hawatajwi majina. Katika jamaa yote ile walioandikwa ni Ayubu na mabinti hawa watatu. Kama baba mkwe wako anataka sababu ya kumwambia mtu kwa nini jina la mama yake lisipotee, sababu ni hiyo.

Kuhusu lugha, kuna utata kidogo unaopaswa kuujua. Kitabu kimeandikwa kwa Kiebrania, na maneno *qeren* na *pukh* ni ya Kiebrania safi. Lakini Ayubu mwenyewe hasemwi kuwa Mwisraeli. Ni mtu wa nchi ya Usi, mmoja wa watu wa mashariki, na Maombolezo 4:21 inaitaja Usi pamoja na Edomu, yaani upande wa kusini-mashariki kuelekea Uarabuni. Njiwa mwenye jina la Kiarabu, gome la manukato lililosafirishwa na wafanyabiashara wa misafara, wanja wa macho ya watu wa jangwani: majina yote matatu yananukia upande huo. Ukiulizwa, sema ni jina la Kiebrania la binti wa nchi ya mashariki.

Waarabu wana kisa kinachonifanya nitabasamu kila nikisoma aya hii. Katika masimulizi yao ya kale kuna mwanamke aliyeitwa Zarqa al-Yamama, wa eneo la al-Yamama katikati ya Uarabuni, mwenye macho makali ya kuona jeshi likiwa bado mwendo wa siku kadhaa. Watu wake hawakumwamini, wakavamiwa. Husimuliwa kwamba adui walipomtoboa macho walikuta mishipa yake myeusi kwa ithmidi, ule wanja wa jiwe, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kuutumia. Yamama na wanja katika kisa kimoja! Sisemi kisa hicho kinahusiana na Ayubu. Nasema tu kwamba kwa watu wa kule njiwa, jicho na wanja vilikuwa vinakaa jirani vichwani mwao.

Mwambie pia jirani yako kwamba upande wake wanja una heshima zaidi. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume aliusifu ithmidi kuwa ndio wanja bora, unang'arisha macho na kuotesha kope. Neno la Kiarabu *kuhl*, ambalo ndilo wanja, Waebrania nao wanalo kama kitenzi, Ezekieli 23:40. Wanakemia wa Ulaya walilichukua hilo *al-kuhl* kwa maana ya unga laini mno, kisha kwa maana ya kiini kilichochujwa, na safari yake ikaishia kwenye alkoholi. Na kama anashangaa kwa nini jina Keren-hapuki halijui, ni kwa sababu Qur'ani inamtaja Nabii Ayubu na kurudishiwa watu wake, lakini haiwataji binti zake kwa majina. Katika mapokeo ya Waislamu anayejulikana ni mkewe, Rahma, na akina Rehema wa kwetu wanatosha kuujaza mji.

Wafasiri wa zamani walihangaika na jina hili kama wewe. Wayahudi wa Iskanderia walipoitafsiri Biblia kwa Kigiriki, binti wa tatu wakamwita Pembe ya Amaltheia, yule mbuzi wa hadithi za Kigiriki ambaye pembe yake ilitoa kila aina ya chakula bila kuisha. Wanja ukatoweka, ukaja wingi wa neema. Yeronimo akarudisha wanja, *Cornu stibii*. Walimu wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, nao kuna waliosema alifanana na pembe ya mnyama fulani, wenzao wakawacheka kwamba pembe kwa msichana ni kasoro, si sifa. Na kuna maandishi ya kale ya Kigiriki, Wosia wa Ayubu, yanayosimulia kwamba Ayubu alipokaribia kufa aliwapa hao binti watatu mishipi ya ajabu, wakajifunga, na kila mmoja akaanza kusema kwa lugha ya mbinguni. Huyu wa tatu alisema kwa lugha ya makerubi. Kwa hiyo mtu akikuambia jina hili ni la kidunia mno, unaweza kumjibu kwamba zamani walikuwepo waliomsikia mwenye jina akisali na makerubi.

Uhaba wa jina lenyewe ni wa kueleweka. Ni refu, na sikio haliambiwi mara moja kama ni la mtu au la mahali. Wayahudi wenyewe hawakulizoea. Waliolipenda ni Waprotestanti wa Uingereza na Marekani wa karne ya 17 na 18, waliokuwa wakichagua majina ya Agano la Kale kama watu wanaochagua mbegu. Kule Greensboro, North Carolina, kwenye uwanja wa vita vya Guilford Courthouse vya mwaka 1781, imesimama sanamu ya Kerenhappuch Turner, mama anayesimuliwa kwamba alipanda farasi kutoka Maryland kwenda kumuuguza mwanawe aliyejeruhiwa. Huku kwetu limeingia kwa Biblia ya Kiswahili, hivyo ukikutana nalo ni karibu hakika kuna baba au babu aliyekuwa anaisoma Biblia hadi kurasa ambazo wengine tunazifunua harakaharaka.

Tumalizie na Karen. Hapana, si lilelile. Karen ni jina la Kidenmarki, kifupi cha Katarina, na halina pembe wala wanja ndani yake. Ukimwandika Karen watu watafikiria mtaa wa Nairobi kabla hawajamfikiria bibi yake, na miaka ishirini ijayo hakuna atakayeweza kuunganisha majina hayo mawili. Kereni, kama mlivyomwita bibi, ni kifupi halali cha jina lake. Keren ni sawa pia. Hapuki peke yake nisingekushauri. Watoto shuleni hawana huruma, na kwa Kiswahili linasikika kama kitenzi cha kukanusha.

Jina refu nakushauri uliandike kwa neno moja, Kerenhapuki, bila kistari. Kistari kina tabia ya kubaki kwenye karatasi moja na kupotea kwenye nyingine, na mtoto ndiye atakayekuja kusumbuka kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Angalia tangazo la kizazi mlilopewa hospitalini kabla hamjakwenda kuchukua cheti: herufi zikiwa zimekosewa, rekebisheni sasa, kisha andikeni hivyohivyo kwenye cheti cha ubatizo. Na mchungaji akisita siku ya ubatizo, mfungulie Isaya 54:11.